Injini Nayo Huvuta Pumzi

(Somo la historia lililosomwa redioni kwa vikundi vya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa kama lilivyosomwa.)

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na yule mwenye zamu ya kuandika ana kalamu na karatasi, maana leo nitataja hesabu chache.

Somo la leo ni historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mabomba mawili: bomba liingizalo hewa katika injini ya motokaa, na bomba litoalo moshi. Pengine utauliza, "Je, mabomba nayo yana historia?" Yanayo, tena ndefu. Ndani yake mna wavumbuzi waliochekwa, mna mtu aliyeikimbia nchi yake, na mna kampuni kubwa iliyoaibika mbele ya ulimwengu mzima kwa sababu ya tundu dogo la hewa.

Nimelichagua somo hili kwa sababu katika miji yetu leo wako vijana wengi watoao fedha gerejini ili magari na pikipiki zao zikimbie zaidi. Mmoja hukata silensa akaitupa. Mwingine huondoa kasha la kichujio cha hewa akaweka kichujio cha wazi kinachong'aa, au asiweke kitu kabisa. Wako wanaotumia mshahara wa mwezi mzima kwa kazi hiyo, na injini wanayoichezea ndiyo iwapatiayo chakula. Njia hiyo wanayoifuata ilikwisha kupitwa na watu wengine zaidi ya miaka 100 iliyopita, na yafaa wajue wale waliotangulia walikuta nini njiani.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Injini haili petroli peke yake. Kilo moja ya petroli, ili iungue vizuri, yataka karibu kilo 15 za hewa. Nayo hewa ni nyepesi. Kilo 15 zake ni zaidi ya lita 12,000, yaani zaidi ya mapipa 60 ya yale makubwa ya lita 200. Kuongeza petroli basi si kazi. Waweza kuimimina kadiri upendavyo. Kazi ni kuiingiza hewa. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huweza kumeza lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Na kila funda la hewa hupewa karibu sehemu moja ya mia ya sekunde kuingia ndani ya silinda. Kisha moshi wote lazima utoke, kwa kuwa moshi ubakio ndani huchukua mahali pa hewa safi. Mtu aliyejaza pumzi chafu kifuani hawezi kuvuta pumzi nyingine mpaka aitoe ile ya kwanza.

Mjerumani Nikolaus Otto ndiye aliyeikamilisha injini ya hatua nne, mwaka 1876. Hatua zenyewe ni hizi: kuvuta, kubana, kuungua, kutoa. Andikeni, maana mbili kati ya hizo nne, ya kwanza na ya mwisho, ni kazi ya hewa na moshi tu. Miaka 10 baadaye, yaani 1886, Karl Benz alipata hati ya uvumbuzi kwa gari lake la magurudumu matatu. Injini yake ilikuwa karibu lita moja, nayo haikufikisha hata nguvu ya farasi mmoja. Leo injini ya lita moja katika gari dogo la mjini hutoa nguvu za farasi 60 na zaidi. Ukubwa ni ule ule. Tofauti imetoka wapi? Petroli imekuwa bora, na chuma kimekuwa bora, lakini sehemu kubwa ya tofauti ile imetoka katika kuvuta pumzi.

Katika injini nyingi za mwanzo valvu ya kuingizia hewa haikuwa na kitu cha kuifungua. Ilishikwa na springi dhaifu tu, na pistoni iliposhuka iliivuta ikafunguka yenyewe. Injini ikienda polepole mambo yalikuwa mazuri. Ikiharakishwa, valvu ilichelewa kufunguka na kuchelewa kufungika, injini ikawa kama mtu anayekimbia huku amejifunga kitambaa puani. Mwaka 1901, katika gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, Wilhelm Maybach aliziweka valvu za kuingizia chini ya amri ya kamshafti, zifunguliwe kwa nguvu na kwa wakati wake. Wengine nao walifuata njia hiyo.

Lakini watu wa mashindano walikuwa wavivu wa kufikiri, nisameheni kwa neno hilo. Wakitaka mwendo walijenga injini kubwa zaidi. Ilipofika mwaka 1912, katika Mashindano Makuu ya Ufaransa huko Dieppe, Fiat ya Waitaliano ilileta gari lenye injini ya lita 14. Fikirini: silinda nne tu, na kila moja yapita lita tatu na nusu! Peugeot walileta gari lenye lita 7.6. Lilikuwa limebuniwa na kikundi kidogo: madereva Georges Boillot, Jules Goux na Paul Zuccarelli, pamoja na Mswisi Ernest Henry aliyechora michoro. Wahandisi wa zamani wa kampuni waliwadharau hata wakawabandika jina la wadanganyifu.

Hao wadanganyifu walifanya nini? Juu ya kila silinda waliweka valvu nne badala ya mbili, mbili za kuingiza na mbili za kutoa, na kamshafti mbili juu kabisa ya injini ili kuziendesha. Chukueni sahani moja kubwa muiwekee vikombe viwili vikubwa. Halafu muiwekee vinne vidogo. Mtaona kwamba vile vinne hufunika nafasi kubwa zaidi ya sahani. Tena valvu ndogo ni nyepesi, hufunguka na kufungika upesi. Boillot alishinda, baada ya siku mbili na zaidi ya kilometa 1,500 za barabara za vumbi, na Fiat ikawa ya pili. Mwaka uliofuata, 1913, Goux alilichukua gari la Peugeot hadi Indianapolis huko Marekani, akashinda huko pia. Ukisikia fundi wa leo akisema, "Injini hii ni ya valvu 16," ujue ni silinda nne mara valvu nne, na kwamba yazungumzwa kazi ya wale waliochekwa mwaka 1912.

Sasa twende milimani.

Kila dereva wa lori aliyepanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, au kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, ajua kwamba gari hupungukiwa na nguvu kadiri anavyopanda. Wengine husema ni mwinuko tu. Mwinuko upo, lakini hata kwenye tambarare ya juu nguvu haitimii. Sababu ni kwamba hewa ya juu ni nyembamba. Nairobi, ambako ni karibu meta 1,700 juu ya bahari, karibu sehemu moja katika sita ya hewa ya pwani haipo. Timboroa, juu ya meta 2,700, karibu robo haipo. Silinda ni ile ile na bomba ni lile lile, lakini funda la hewa limekuwa dogo.

Marubani wa Vita Kuu ya Kwanza walikuta shida hiyo hiyo, nao walikuwa juu zaidi. Dawa yake ilikwisha kuandikwa tangu mwaka 1905, wakati Mswisi Alfred Büchi alipopata hati ya uvumbuzi kwa chombo ambacho mafundi wetu wakiita tabo. Büchi aliona kwamba moshi utokao katika injini ungali na nguvu nyingi, nayo yapotea bure hewani. Akasema: uelekezwe kwenye gurudumu lenye mapezi ulizungushe, na kwenye mhimili ule ule liwekwe gurudumu la pili, lisukume hewa ndani ya injini. Kwa maneno mengine, pumzi itokayo isukume pumzi iingiayo. Ni wazo zuri ajabu, lakini chuma cha siku zile hakikustahimili joto lile, na miaka ikapita.

Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, aliipakia injini ya ndege iitwayo Liberty juu ya lori, akaipandisha mpaka kilele cha mlima Pikes Peak, meta 4,300 juu ya bahari. Chini karibu na bahari injini ile ilikuwa na nguvu za farasi 350. Kule kileleni zilishuka zikawa 230. Moss alipoitia tabo ikatoa 356. Mlima mzima ulikuwa umefutwa! Na Büchi mwenyewe hakukata tamaa. Katika miaka ya 1920 injini za meli mbili za Wajerumani zilitiwa chombo chake, na nguvu zake zikapanda kutoka 1,750 hadi 2,500 bila kuongezwa silinda hata moja.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lilionekana na kila mtu aliyesimama kando ya barabara kutazama mashindano ya Safari, ambayo yalianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye tabo. Mwaka 1985 akashinda Juha Kankkunen kwa gari la namna hiyo hiyo. Mwaka 1986 Waldegård tena. Na malori makubwa ya dizeli yapitayo barabara kuu siku hizi karibu yote yana tabo. Ile sauti ya mluzi mnayoisikia lori likipanda mlima ndiyo sauti ya magurudumu yale mawili ya Büchi.

Mpaka hapa mambo ni rahisi: fungua mlango mkubwa, au sukuma hewa kwa nguvu. Sehemu ifuatayo ndiyo iliyowashinda watu wengi, na ndiyo iwapotezayo vijana wetu. Naomba mnisikilize kwa makini.

Chukueni chupa tupu ya soda mpulize juu ya mdomo wake. Mtasikia mlio. Tieni maji kidogo, mpulize tena, mlio wabadilika. Hewa iliyo ndani ya chupa huenda na kurudi kama kamba iliyopigwa, na urefu wa nafasi yake ndio uamuao mlio. Mabomba ya injini ni hivyo hivyo. Valvu ikifunguka na kufungika maelfu ya mara, hewa haipiti kama maji ya mto yendayo upande mmoja kwa utulivu. Hupita kwa mapigo. Kila pigo hukimbia kwa mwendo wa sauti hadi mwisho wa bomba, kisha hurudi. Likirudi wakati valvu ya kuingizia iko wazi, huingiza hewa zaidi. Likirudi wakati usiofaa, huizuia. Kwa hiyo urefu wa bomba ni kama saa: wapanga wakati.

Mwaka 1960 Chrysler ya Marekani iliuza gari liitwalo 300F, ambalo mabomba yake ya kuingizia hewa yalikuwa na urefu wa inchi 30, yaani sentimeta 76. Yalikuwa marefu hata ilibidi yavuke juu ya injini, kabureta moja ikae upande huu na nyingine upande ule. Injini ile ilitoa nguvu za farasi 375, na uzuri wake hasa ulikuwa katika mwendo wa kati, karibu mizunguko 2,800 kwa dakika, mahali ambapo mwenye gari huhitaji nguvu ya kulipita lori. Waliotaka kushindana waliuziwa chache zenye nguvu 400. Kwa nje mabomba yalikuwa yale yale, ila kwa ndani ukuta ulikuwa umekatwa ili pigo lione bomba fupi, nusu ya lile. Bomba fupi lilifaa mbio za juu sana. Katika mwendo wa kati lilikuwa dhaifu kuliko lile refu. Hapa ndipo mwanafunzi wa historia ajifunzapo kwamba hakuna bomba lililo bora kwa kila mwendo. Atakayekuuzia bomba akakuambia litaongeza nguvu "kote kote", muulize injini yako itakuwa ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Akinyamaza, umepata jibu lako.

Na upande wa moshi je? Ni mambo yale yale, ila moshi ni wa moto, na katika moto sauti hukimbia zaidi, hupita meta 500 kwa sekunde. Moshi ukitoka kwa kishindo, nyuma yake huacha nafasi yenye mvuto. Mabomba yakiwa na urefu sawasawa, kila silinda na lake, kisha yakaungana mahali palipopimwa, mvuto wa silinda moja husaidia kuvuta moshi wa silinda nyingine. Na kwa kuwa kwa kitambo kidogo valvu za kuingizia na za kutolea huwa wazi pamoja, mvuto huo waweza hata kuita hewa safi iingie kabla pistoni haijaanza kushuka. Hiyo ndiyo maana ya yale mabomba yaliyopindwapindwa kama utumbo ambayo huonekana katika magari ya mashindano. Hayakupindwa kwa pambo. Yamepindwa ili yalingane urefu.

Mtu aliyeifikisha elimu hii ya moshi mbali kuliko wote hakuwa tajiri, wala hakufanya kazi katika nchi tajiri. Jina lake Walter Kaaden, na mahali pake ni mji mdogo wa Zschopau, katika ile iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Kiwanda chake kiliitwa MZ, nacho kilitengeneza pikipiki. Hakikuwa na fedha za kulinganishwa na za Wajapani au Waitaliano. Pikipiki zake zilikuwa za injini ya hatua mbili, zile zinywazo petroli iliyochanganywa na oili. Injini ya namna hiyo haina valvu kama nilizozitaja. Pistoni yenyewe hufunua matundu ubavuni mwa silinda, na hewa safi na moshi hupishana mle ndani kwa wakati mmoja. Ubaya wake ni kwamba hewa safi nyingi hutoka pamoja na moshi, ikapotea bure.

Kaaden aliyapima mapigo ya moshi kwa chombo kinachoyaonyesha kama mstari wa mwanga juu ya kioo. Kisha akalitengeneza bomba la moshi kwa umbo ambalo mtu asiyejua angelicheka: jembamba mwanzoni, likanenepa tumboni kama nyoka aliyemeza panya, kisha likasinyaa tena mwishoni. Lile panuko hurudisha mvuto, ambao humaliza kuutoa moshi na kuiita hewa safi. Kisha lile sinyao hurudisha pigo la kusukuma, ambalo huikuta hewa safi inataka kukimbilia nje na kuirudisha ndani ya silinda kabla mlango haujafungwa. Lile bomba lilikuwa tabo isiyo na gurudumu! Lakini hufanya kazi katika mizunguko michache tu iliyopangwa; nje ya hapo pikipiki hulegea kabisa.

Mwaka 1961 injini ya Kaaden ya sentimeta za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Ukipiga hesabu, ni nguvu 200 kwa kila lita, tena bila kusukumiwa hewa na chombo chochote. Peugeot ya mwaka 1912 haikufikisha 20 kwa lita. Ni kweli kwamba injini ya hatua mbili huwaka kila mzunguko na ile nyingine huwaka mzunguko mmoja na kuacha mmoja, lakini hata ukilitia hilo katika hesabu, pengo ni kubwa.

Mpanda pikipiki wake mkubwa alikuwa Ernst Degner. Mwaka ule Degner alikuwa akiongoza katika mashindano ya ulimwengu, akifuatwa karibu na Tom Phillis wa Honda. Mwezi Agosti ukuta ulijengwa kati ya Berlin ya Mashariki na Berlin ya Magharibi. Mtu aliyetaka kutoka sasa alikuwa akicheza na maisha yake. Kampuni ya Suzuki ya Japani, ambayo pikipiki zake zilikuwa nyuma sana, ilikwisha kuzungumza na Degner kwa siri. Mwezi Septemba, katika mashindano ya Kristianstad nchini Sweden, injini yake iliharibika. Hakurudi nyumbani. Mkewe na wanawe wawili walikuwa wamevushwa mpaka wakiwa wamefichwa katika buti la gari. Degner aliondoka na siri za injini za MZ, nazo zilitosha. Ubingwa wa 1961 ulichukuliwa na Phillis. Mwaka 1962 Degner mwenyewe akawa bingwa wa ulimwengu wa pikipiki za 50 kwa jina la Suzuki, na kabla yake hakuna injini ya hatua mbili iliyopata kuchukua ubingwa wa ulimwengu wa pikipiki. Katika uwanja wa mbio wa Suzuka huko Japani ziko kona zinazoitwa kwa jina lake hata leo. Kaaden alibaki Zschopau na kazi yake.

Naona vikundi vingine vitabishana kama Degner alikuwa mwizi au mkimbizi. Bishaneni. Mimi nataka mtazame kitu kimoja: chenye thamani kubwa kilichobebwa kuvuka mipaka hakikuwa chuma. Bomba lenyewe lingeweza kukunjwa na fundi yeyote wa bati wa Gerezani kwa asubuhi moja. Kilichobebwa ni vipimo: urefu gani, upana gani, lianze kupanuka wapi, lianze kusinyaa wapi.

Sasa nataka kuonyesha thamani ya hewa kwa mfano wa kinyume, wa watu waliozuiwa wasiipate. Katika mashindano ya ulimwengu ya rali, wakuu waliona magari yenye tabo yamekuwa na nguvu za hatari. Hawakusema, "Punguzeni petroli." Waliagiza kila gari liweke kipande cha chuma chenye tundu katika njia ya hewa, na hewa yote ipite humo. Mwaka 1995 tundu hilo lilikuwa na upana wa milimeta 34. Yai la kuku la kawaida haliwezi kupita. Mwezi Oktoba mwaka huo, katika rali ya Catalunya nchini Hispania, wakaguzi waligundua kwamba katika magari ya timu ya Toyota kipande kile kilitengenezwa kwa ujanja: kilipofungwa mahali pake kiliacha upenyo wa siri wa kupitisha hewa zaidi, na kilipofunguliwa kukaguliwa kilijirudia chenyewe kikaonekana safi. Timu ilivuliwa pointi zote za mwaka ule na kuzuiwa kushindana kwa miezi 12. Kwa upenyo wa milimeta chache tu! Wahandisi wale walijua walichokuwa wakikiiba.

Basi turudi gerejini kwetu. Kijana akiikata silensa ya gari la kawaida, apata nini? Mara nyingi apata sauti. Waliolibuni gari lile walikwisha kupima urefu wa mabomba yake kwa mwendo autumiao mtu wa kawaida, na anapolikata ayavuruga mapigo yale. Pengine atapata kidogo katika mbio za juu kabisa, apoteze zaidi anapoondoka kituoni na abiria. Masikio husema gari limekuwa kali, lakini saa ya mkononi haisemi hivyo. Pimeni muda wa kupanda mlima mmoja kabla na baada, kwa mzigo ule ule.

Magari yetu mengi yaliyotumika Japani yana pia kile chombo cha kusafisha moshi, ambacho katika magari ya Marekani kilianza kuenea tangu mwaka 1975. Ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu. Fundi akikuambia, "Hiki chazuia pumzi, nitakutolea bure," muulize anakipeleka wapi.

Na hewa iingiayo? Kichujio cha wazi ndani ya boneti hung'aa vizuri, lakini huvuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini. Hewa yenye joto la nyuzi 30 zaidi imepungua karibu sehemu moja katika kumi. Umemlipa mtu akupandishe mlima wakati ungali Tanga! Bomba lililokuja na gari, lile baya la plastiki nyeusi, huchukua hewa ya nje penye ubaridi. Ukitaka kuongeza kitu, anza kwa kuhakikisha bomba hilo halina ufa na limekaa mahali pake.

Vumbi ni jambo jingine. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga mgumu kuliko chuma cha silinda. Injini isiyo na kichujio huvuta maelfu ya lita za hewa hiyo kila saa, na pistoni huusaga mchanga ule kama jiwe la kinu. Nguvu itakayoonekana leo italiwa na oili inayoungua mwakani. Waliokuja kushindana katika Safari walilijua hilo. Katika miaka ya 1990 magari yao yalikuwa na bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, livute hewa juu ya vumbi na juu ya maji ya mito. Hao walikuwa na fedha za kununua chochote duniani, na bado kichujio hawakukitupa.

Kwa kazi ya kikundi juma hili, tafuteni gari moja la mwanachama au la jirani aliye radhi. Fungueni kasha la kichujio mkitoe, mkiangalie mbele ya mwanga wa jua. Kisha lifuateni bomba la hewa kutoka hapo hadi mdomo wake ulipo, mwandike laanzia wapi, na kama lina ufa au kiungo kilicholegea. Leteni majibu kwa barua kabla ya somo lijalo. Kwaherini.